SIKU SITA ZA MWISHO GUANGZHOU: UKOKO, MIGUU YA KUKU NA SWALI LA MJOMBA

Msomaji wangu mpenzi, hebu fanya utafiti mdogo. Mtafute Mbongo yeyote anayefuata mzigo Guangzhou, hao wa maduka ya Kariakoo wanaokwea pipa mara tatu nne kwa mwaka, halafu umuulize kule watu wanakula nini. Atakutajia bei ya jinzi kwa jumla. Atakuambia kontena limepanda, atakuambia soko gani lina viatu vya kike vya kueleweka. Ukimbana sana kuhusu msosi atakunja uso, "Aah, mimi nabeba unga wangu na dagaa wangu. Vyakula vya wale jamaa siviwezi!" Miaka zaidi ya ishirini tunakwenda kwenye mji huo, tumeuvaa mwili mzima kuanzia kofia mpaka soksi, lakini hatujauonja.

Mimi nimeuonja, na wala si kwa sababu nina mshiko kuliko hao wafanyabiashara. Thubutu! Nilifika Guangzhou mwishoni mwa Juni 2024 nikiwa kapuku wa kutupwa, baada ya miezi mitatu ya kozi fupi Beijing. Posho ilishakatika, kilichobaki kwenye simu kilikuwa yuani mia saba na kidogo, yaani laki mbili na nusu hivi za kwetu, na siku sita za kusubiri ndege ya kurudi Dar.

Kama hujawahi kukaa majuu muda mrefu, nikupe siri moja. Ulimi nao una viza yake, na inaisha mapema kuliko ile ya kwenye pasipoti. Mwezi wa kwanza unakula kila kitu kwa mbwembwe na kupiga picha. Bata wa Beijing, sawa. Nikaenda Xi'an wikiendi moja, nikala ule mchuzi wa kondoo ambao mkate wake unapewa mzima, unaumegamega mwenyewe vipande vidogo kama punje za mahindi, ndipo jikoni wanaumwagia supu. Bomba! Mwezi wa pili unaanza kuchagua. Mwezi wa tatu usiku unaota mchicha wa nazi. Ukifikia hapo mtu wa kawaida anafunga duka, anakula mkate na ndizi mpaka siku ya ndege.

Mimi sikuweza kufunga duka kwa sababu nilikuwa nimetumwa.

Guangzhou ninaye binamu yangu, mtoto wa mjomba wa Temeke. Alikwenda mwaka 2015 kusaidia watu kutafuta mizigo, akawa wakala wa kukusanya bidhaa za wateja wadogo wadogo na kuzijaza kwenye kontena moja. Mara ya mwisho kukanyaga Bongo ilikuwa 2018. Mjomba aliniita kabla sijasafiri, akaniambia maneno machache tu: "Kamuulize anarudi lini. Usimuulize kwa simu, kwa simu mimi nimemuuliza mpaka vocha zimeniishia. Muulize mkiwa mmekaa."

Sasa kumpata binamu yangu amekaa, mwanawane, ni kazi. Yule mtu anaishi kwa miguu. Simu mbili, moja ya wateja wa Dar na nyingine ya viwanda, zote zinalia. Nikagundua kwamba anakaa chini kwa sababu moja tu: kula. Na ndivyo mji wote ulivyo. Wachina wenyewe wana msemo kwamba mtu akitaka kula vizuri aende Guangzhou, na pale mambo ya maana yote, biashara, posa, ugomvi wa urithi, yanazungumzwa meza ikiwa imejaa. Kwa hiyo mpango wangu ukawa rahisi: nile naye kila anapokula, nimuulize.

Nilitoka Beijing kwa treni. Ni kilomita 2,298 kwa ile reli ya mwendo kasi iliyofunguliwa mwaka 2012, mwendo wa saa nane hivi. Kwa basi la kutoka Dar, muda huo ndiyo kwanza unanunua maji stendi ya Dodoma. Binamu alinipokea stesheni kwa furaha kubwa, begi akabeba yeye. Ajabu ikawa moja. Badala ya kunipeleka kwake alinipeleka gesti, na chumba alishalipia siku zote sita. "Kwangu kadogo, binamu, utabanana." Nikamwangalia. Sisi tumekulia vyumba viwili watu tisa, leo ndiyo tubanane?

Nikanyamaza. Tukaenda kula.

Gesti ilikuwa maeneo ya Xiaobei, mtaa ambao tangu mwishoni mwa miaka ya tisini umekuwa kijiwe cha wafanyabiashara wa Kiafrika. Sasa hivi wamepungua sana, lakini bado utasikia Kilingala, Kifaransa, Kihausa na Kiswahili kwenye ngazi moja. Binamu akaniingiza kwenye mgahawa mdogo wenye bango la kijani, meza sita tu, na mlangoni kijana mwenye kofia nyeupe ya baraghashia akiuchapa unga mezani kama anampiga mtu. Hao ni Waislamu wa Kichina, Wahui, kutoka mkoa wa Qinghai huko kaskazini-magharibi. Migahawa ya namna hiyo imetapakaa China nzima, na mingi wenyewe wametokea wilaya moja tu ya huko, inaitwa Hualong.

Kazi yake ni kuitazama. Donge la unga linavutwa mikono miwili, linakunjwa, linavutwa tena. Kamba moja inakuwa mbili, mbili zinakuwa nne, nane, kumi na sita, mpaka kijana ameshika shungi la tambi nyembamba kama nywele za kusuka. Hakuna kisu wala mashine. Zinatumbukizwa kwenye maji yanayochemka, dakika moja tu, zinamwagiwa supu ya ng'ombe, vipande vya figili, giligilani na pilipili ya mafuta. Yuani 15, kama shilingi elfu tano na ushee, na bakuli lake ukilimaliza hutafuti chakula kingine mpaka kesho. Pembeni tukachukua mishikaki ya kondoo iliyonyunyiziwa bizari nyembamba. Ilinikumbusha mishikaki ya Kariakoo, ila hawa wanaacha kipande cha mafuta katikati ya nyama mbili ili yayeyuke.

Nilichoona ni kwamba binamu hakuagiza. Alikaa tu, bakuli likaja, tena limewekwa vile anavyotaka, pilipili nyingi bila majani ya vitunguu. Dada wa kaunta aliyejitanda mtandio alinitazama kidogo, akatabasamu, akarudi kwenye hesabu zake. Nikasema moyoni, huyu mteja wa siku nyingi.

"Binamu," nikaanza, "mzee anauliza..."

Simu ikalia. Mteja wa Dar, makufuli yamekuja rangi siyo. Kipindi hicho ndiyo kikaishia hapo.

Kesho yake saa mbili asubuhi akanipeleka kwenye kitu ambacho, nakuhakikishia msomaji, kikifunguliwa Sinza watu hawataenda kazini. Wanaita *yam cha*, kunywa chai. Hilo *cha* ndilo limezaa chai yetu sisi, limezunguka dunia kupitia kwa Waajemi na Wahindi mpaka likatua kwenye vibanda vya mama ntilie. Lakini kunywa chai kwa Guangzhou ni jina la uongo, kama sisi tunavyosema "njoo tunywe soda" kumbe kuna pilau. Ukumbi ni mkubwa kama wa harusi, umejaa wazee wenye magazeti na vibibi vinavyosengenya kwa sauti ya kuuza samaki. Meza za duara, birika katikati. Kitu cha kwanza unachofanya ni kuosha vyombo! Wanakuletea bakuli, kikombe na vijiti ambavyo vimeshaoshwa, nawe unavimwagia chai ya kwanza ya moto, unasuuza, unamwaga. Binamu alifanya hivyo haraka haraka bila kutazama, kama mtu anayefunga viatu.

Halafu vinaanza kuja vikapu vidogo vya mianzi vinavyofuka mvuke. Kimoja kina vimfuko vya unga laini unaoona ndani kamba wekundu. Kingine mikate myeupe laini kama pamba, ndani kuna kitimoto ya kuchoma yenye utamu wa sukari. Kingine chapati ya mchele nyororo iliyoviringishwa, inamwagiwa mchuzi wa soya. Kila kikapu kina vipande vitatu au vinne, bei yuani 12 mpaka 25, kwa hiyo unaonja, unaongeza, unaonja. Upande wa baba yangu kitimoto ni ruksa, hivyo nilikula kwa raha zangu. Binamu hali, na kule ni lazima uwe makini, maana ukiuliza "hii ni nyama gani" na wakajibu "nyama" tu, basi ujue ni nguruwe. Nyama nyingine zote zina majina. Yeye alikunywa chai na keki ya mayai ya mvuke, akawa ananitazama mimi ninavyofanya fujo.

Kikaja kikapu cha miguu ya kuku.

Najua unacheka. Hata mimi nilicheka. Uswahilini kwetu miguu na vichwa vya kuku vinakaangwa barabarani jioni, vya mia mbili mia tatu, na msichana aliyevaa akapendeza hawezi kusimama pale hadharani, anatuma mtoto. Kumbe Guangzhou ndiyo chakula cha wenye heshima zao! Wameipa hata jina la kifalme, kucha za feniksi, yule ndege wa hadithi. Inakaangwa kwanza kwenye mafuta mpaka ngozi inajaa malengelenge, inalowekwa kwenye maji, halafu inapikwa polepole na soya nyeusi iliyochachuliwa, kitunguu saumu na pilipili. Ikifika mezani hutafuni. Unaweka mdomoni, unavuta, mifupa unaitoa mmoja mmoja kwa adabu. Bibi wa meza ya jirani alimaliza vikapu viwili peke yake huku anasoma gazeti.

"Mama angeipenda hii," binamu akasema.

Marehemu mkaza mjomba ndiye aliyekuwa akikaanga miguu ya kuku barazani Temeke. Alifariki 2021. China ilikuwa imefunga mipaka tangu Machi 2020 na haikufungua mpaka Januari 2023, kwa hiyo mwanaye wa pekee wa kiume aliangalia mazishi kwenye kioo cha simu, tena picha inakatika katika. Sikuwa na la kusema. Nikammiminia chai. Naye akagonga meza mara mbili kwa vidole viwili, tap tap, bila kuinua macho.

Nikadhani kakasirika. Kumbe ndiyo asante yao! Wenyeji wanasimulia kwamba mfalme Qianlong, aliyetawala karne ya kumi na nane, alikuwa anapenda kutembea akiwa amejificha kama raia. Siku moja kwenye nyumba ya chai akawamiminia watumishi wake. Wangepiga magoti siri ingefichuka, basi wakainamisha vidole badala ya mwili. Kweli au hadithi, sijali. Mpaka leo ukimiminiwa chai unagonga meza, na ukitaka maji ya moto yaongezwe unaacha kifuniko cha birika kimekaa upande. Mhudumu anaona kwa mbali, hakuna kupiga mluzi wala kusema "we dada".

Swali la mjomba? Baada ya habari ya marehemu, lingetokaje?

Siku ya tatu mvua ilinyesha kama ya masika yetu, ile inayosimamisha Jangwani. Joto lake ni lile lile la Dar la mwezi wa tatu, nguo inagandia mgongoni. Watu wa Guangzhou wana imani kwamba mwili unashika "moto" ndani, hasa ukila vya kukaanga, na dawa yake inauzwa kila kona kwenye vibanda vyenye mabirika makubwa ya shaba. Wanaiita chai baridi ingawa inaweza kuwa ya moto, na wala si chai, ni mizizi na majani ya kuchemsha. Serikali yao iliiingiza kwenye orodha ya urithi wa taifa mwaka 2006. Nikanunua kikombe. Msomaji, unaujua mwarobaini? Basi huu ni kaka yake mkubwa! Nikakunywa wote kwa sababu mama muuzaji alikuwa ananitazama, na sitaki kusema uongo, ule uzito wa tumbo wa jana yake uliondoka.

Jioni hiyo nilikula peke yangu, binamu alikuwa anajaza kontena. Niliingia uchochoro wenye majiko mekundu yamepangwa mstari, kila jiko lina chungu chake kidogo. Unaagiza, mchele unapikwa hapo hapo kwenye chungu chako, unawekewa kuku na uyoga juu, unasubiri dakika kama ishirini. Likifunguliwa wanamwagia soya, ile sauti ya *tsssss* ni sehemu ya bei. Na chini, msomaji wangu, chini kabisa... ukoko! Wa dhahabu, mkavu, unavunjika kama kashata. Meza zote nilizoziona watu wazima na suti zao walikuwa wanakwangua chungu kwa kijiko. Mimi nilikuzwa nikiambiwa msichana akila ukoko mvua itanyesha siku ya harusi yake. Nje ilikuwa inanyesha tayari. Nikakwangua.

Kwenye kulipa ndipo mgeni anapoumbuka. Kule noti ni kama kitu cha makumbusho, kila mtu anaskani kipicha cha mraba kwa simu, hadi mzee anayeuza viazi vitamu vya kuchoma. Tangu 2023 kadi zetu za benki za nje zinaunganishwa kwenye hizo programu zao, na yangu ilinishikilia miezi yote mitatu. Sheria inawataka wapokee pesa taslimu, lakini ukitoa noti ya mia kwa chakula cha yuani 22, mwenye duka anaanza kuzunguka mtaa mzima kutafuta chenji, na wewe unajisikia mshamba.

Siku ya nne ulikuwa msimu wa *laichi*. Ni ndugu wa shokishoki, ila halina nywele, lina gamba jekundu la magamba magamba na ndani nyeupe tamu yenye maji. Guangdong ndiyo kwao hasa. Inasimuliwa kwamba zaidi ya miaka elfu moja na mia mbili iliyopita mfalme mmoja wa ukoo wa Tang alikuwa akituma farasi wakimbie usiku na mchana kutoka kusini kumpelekea kipenzi chake matunda hayo kabla hayajaharibika. Mimi nilinunua kilo moja na nusu kwa mama wa barabarani, nikala nikiwa nimekaa kwenye ngazi za daraja la waenda kwa miguu la Xiaobei, maganda kwenye mfuko, mpaka midomo ikawasha. Sikumwonea wivu mke wa mfalme hata kidogo.

Binamu akanikuta hapo. Akakaa. Simu zote mbili mfukoni! Akachukua tunda moja, akamenya, hakula.

"Unaliona hili daraja?" akaniambia. "Aprili 2020 chini yake nililala siku mbili."

Nilikuwa nimesikia habari zile kwenye redio kama kila mtu. Waafrika wa Guangzhou walifukuzwa kwenye vyumba na mahoteli kwa hofu ya korona, wengine wakiwa na karatasi za vipimo na risiti za kodi mkononi, mpaka mabalozi wa Afrika walioko Beijing wakaandika barua ya pamoja kulalamika. Lakini redioni ni Waafrika. Hapa ni mtoto wa mjomba.

"Ulikula nini?" Ndiyo swali lililonitoka. Siyo la mzee. Hilo.

"Tambi," akasema. "Kuna mtu alikuwa ananiletea tambi kwenye ndoo ndogo, na maji ya moto. Hakuambiwa na mtu." Akasimama, akajipangusa suruali. "Kesho kutwa ndiyo unaondoka. Kesho jioni usile popote. Utakula kwangu."

Mimi na wewe msomaji si watoto. Usiku huo nilijumlisha mbili na mbili, chumba "kadogo", bakuli lisiloagizwa, ndoo ya tambi, na sikupata usingizi mzuri.

Siku ya tano asubuhi nilifanya mizunguko ya kuaga mji, nikala uji wa mchele. Usiufananishe na uji wetu. Mchele unachemshwa masaa mpaka punje zinapotea, unabaki kama hariri, ndani wanatia vipande vya samaki, karanga, tangawizi na majani ya vitunguu. Zamani ulikuwa unauzwa kwenye mitumbwi mtoni. Kwa mtu anayehofia safari ndiyo chakula sahihi, unashuka bila kubishana. Ningeweza kuandika ukurasa mzima juu yake, lakini najua wewe unataka jioni.

Kwake ni ghorofa ya nne, nyuma ya ule mgahawa wa bango la kijani. Kweli palikuwa padogo. Mlango ulifunguliwa na yule dada wa kaunta.

"Karibu, wifi," akasema. Kwa Kiswahili! Cha kukanyaga kanyaga, lakini Kiswahili.

Na nyuma ya gauni lake kulikuwa na mtoto wa kike wa miaka mitatu, nywele za kwetu, macho ya kwao, amefundishwa kutwa nzima maana alilitoa lote kwa pumzi moja: "Shikamoo shangazi!"

Nikaitikia marahaba na sauti haikutoka vizuri.

Chakula kilikuwa sinia moja kubwa katikati. Kuku mzima amekatwa vipande, amepikwa na viazi, pilipili hoho, pilipili kali na mdalasini, mchuzi mwekundu mzito. Ni chakula cha huko huko kaskazini-magharibi, wanakiita kuku wa sinia kubwa. Ukishakula nyama mpaka nusu, wanamwagia tambi pana kama mikanda zinyonye mchuzi. Lakini pembeni ya sinia, kwenye sahani, kulikuwa na ugali. Wa duara, umelainishwa juu kwa kijiko cha maji kama anavyofanya mama yeyote wa Temeke. Wifi aliona ninautazama. Akasema kitu Kichina, binamu akatafsiri: "Anasema kwao milimani nao wanakula unga wa mahindi, ila hawakujua kwamba unakandwa hivi. Mimi nilimfundisha. Sasa ananishinda."

Tulikula kwa mkono, wote. Nimekula bata Beijing na kamba kwenye vikapu vya mianzi, lakini mlo wa safari nzima ni huo, na sitaki mtu anibishie. Mchuzi wa kuku wa Xinjiang na ugali vimeumbwa pamoja, tatizo walizaliwa nchi tofauti. Mtoto aliketi mapajani mwa baba yake akichagua miguu ya kuku kwenye sinia, anavuta, anatoa kifupa, anakipanga ukingoni mwa sahani.

Mtoto alipolala nikauliza. Safari hii sikuhitaji kulimalizia.

"Nilioa 2021, mwezi wa pili," binamu akasema. "Msikitini hapa hapa. Wiki tatu baadaye mama akafariki. Ningempigia mzee nimwambie nini? Pole na msiba, halafu mimi nina mke? Nikasema nitamwambia mipaka ikifunguliwa. Mipaka ikafunguliwa mtoto anatembea. Kila nikishika simu inakuwa nzito zaidi." Wifi alikuwa anamenya machungwa, hakuelewa maneno, lakini alijua kinachozungumzwa. "Ana mgahawa, binamu. Ndugu zake watatu wanaishi kwa huo mgahawa. Mimi nina wateja. Kurudi kabisa, sirudi. Kuja, nitakuja nao. Mwambie hivyo. Au usimwambie, mwonyeshe."

Kisha akaingia kabatini akatoa mfuko. Maganda ya machungwa yaliyokaushwa, meusi kama tumbaku, kutoka Xinhui. Kule yanawekwa miaka na miaka, kadiri yanavyozeeka bei inapanda, yanatiwa kwenye supu na kwenye chai ya kikohozi. "Ya mzee. Haya yana umri wa mtoto."

Siku ya sita sikula chochote cha kuandika. Uwanja wa ndege mkate, ndani ya ndege wali na kuku wa kawaida.

Temeke nilikwenda Jumapili yake. Mjomba alikuwa amekaa barazani, akaninyooshea kigoda, akasubiri. Sikuanza na hotuba. Nilimpa simu, picha ya mtoto ameshika mguu wa kuku, mdomo umejaa mchuzi, anacheka. Mzee akaisogeza, akaiweka mbali, akavua miwani, akaivaa. Muda mrefu. Nikaeleza yote kwa taratibu, ndoa, msiba, daraja, ndoo ya tambi. Hakunikatisha.

"Huyu anaitwa nani?" akauliza mwishoni.

Nikamtajia jina. Ni la marehemu mkewe.

Akainama akanusa ule mfuko wa maganda, akaufunga tena vizuri.

"Na ugali anakula?"

"Anakula, mjomba."

"Wa kukanda nani?"

"Mama yake."

Akanirudishia simu, halafu akaichukua tena.

"Wapigie," akasema. "Huko saa hizi saa ngapi?"